Kabla ya Kupindua Beseni

Mvua ya Mundika haina adabu. Huja saa ile ile Roselida anapomaliza kuanika omena zake, dagaa wa ziwani. Siku hiyo ilimkuta tena. Alizikusanya mbio mbio, lakini nusu zilikuwa zimelowa. Omena zilizooza ni chakula cha paka, na paka hanunui.

"Paa la soko liko wapi?" alifoka. "Mheshimiwa Asio alituahidi. Sasa ni Kiongozi wa Wengi kwa Bunge la Kaunti, na bado tunanyeshewa!"

Roselida ndiye mwenyekiti wa akina mama wa soko. Nao wana desturi yao. Wakimkataa kiongozi, hawamtukani. Mwenyekiti hupindua beseni lake, hulikalia na kumpa kiongozi mgongo. Wenzake humfuata. Baada ya hapo, kura za Mundika asahau. Na Asio alikuwa anakuja Ijumaa.

"Ijumaa napindua," Roselida alimwambia jirani yake Petronilla, anayefundisha watu mambo ya uraia.

"Pindua, mama. Beseni ni yako. Lakini umeenda kuona mahali hiyo paa imekwama?"

"Niende wapi?"

"Bungeni, hapo Busia. Mwananchi anaruhusiwa kukaa asikilize. Hulipi kitu."

Kesho yake walienda. Roselida alivaa leso yake nzuri, akaketi juu kwenye viti vya wananchi. Asio aliposimama kuleta hoja ya masoko, mjumbe wa upande wa pili aliinuka. "Hoja ya nidhamu!" Alilalamikia kiti chake. Mwingine alilalamikia joto. Wa tatu alitaka ukurasa wa kwanza usomwe upya. Wakaendelea hivyo mpaka muda ukaisha bila kura kupigwa.

"Wazima hawa?" Roselida aliuliza.

"Wazima kabisa. Uchaguzi uko karibu. Hawataki chama cha Asio kisifiwe kwa sababu ya paa."

"Basi huyu mama Asio hana makosa."

"Sijasema hivyo. Umemsikia pale mwisho?"

Alimsikia. Asio aliwaita wenzake wajinga, nao wakatoka wakicheka.

"Mume wako Egesa ni ajenti wa malori huko Malaba," Petronilla alisema. "Lori ikikwama mpakani, unajuaje kama ni makosa yake?"

Roselida alifikiri. "Nauliza, karatasi alipeleka? Nani amezikalia? Na yeye amefuatilia, ama anapiga tu kelele?"

"Basi pima kiongozi hivyo hivyo."

Ijumaa soko lilijaa. Asio alipoanza kuongea, Roselida alisimama na beseni lake mkononi. Akina mama wote wakashika yao.

"Mheshimiwa, nilikuja Bungeni nikakuona. Hoja yetu umeleta. Kwa hiyo tunakushukuru. Wenzako wanakufungia njia, hata hiyo nimeona. Lakini matusi haiezeki soko. Na hukurudi kutuambia mambo imekwama. Nenda uongee nao. Sisi tutaongea na wamama wa huko kwao. Hata wao wananyeshewa."

Asio alijibu, "Ni ukweli, mama. Hasira ilinishinda."

Roselida aliweka beseni chini, mdomo ukitazama juu. Wenzake wakaweka yao vivyo hivyo.

Asio alimwendea Okiror, kiongozi wa upande wa pili, wakakubaliana kwamba masoko ya wadi za pande zote mbili yaingizwe kwenye hoja. Akina mama wa Malaba, kwao Okiror, walioongea na Roselida, nao walimtembelea, kila mmoja na beseni lake. Hawakuyapindua. Walimwonyesha tu mabeseni. Hoja ilipoletwa tena, hakuna aliyelalamikia kiti, na ikapita.

Siku moja mvua ilipiga mabati mapya ya Mundika kwa kishindo. Chini yake, omena za Roselida zilikuwa kavu kabisa. Mteja kutoka Uganda alitazama juu.

"Nnyabo, mama, paa hii nani aliwapa?"

Roselida aliinua kichwa kwa fahari. "Asio alisukuma, Okiror akaachilia. Na mimi nilikuwa nimekaa pale juu Bungeni, nawaangalia wote wawili."