Wenye Kisima cha Tiva

Springi ya nyuma ilikatika saa nne asubuhi. Lori likainamia upande mmoja, na kabla Dirie hajalizuia, pua yake ilikuwa imeshaingia korongoni na jiwe limetoboa rejeta. Ndolo, aliyekuwa amekaa juu ya mzigo, alirushwa hadi chini na kuchunika viwiko. Alipoinuka, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa maji ya rejeta yakinywewa na mchanga mwekundu. Mwaka huo wa 1984 hapakuwa na mtu wa Kitui aliyeweza kutazama maji yakimwagika bila moyo kumuuma.

Mzigo wenyewe ulikuwa ngozi za ng'ombe waliokufa kwa ukame. Dirie, mfanyabiashara wa Kisomali kutoka Garissa, alikuwa amezinunua Mutha, na ili kufika Ikutha mapema alifuata njia ya zamani iliyopasuliwa porini na wapima ramani. Tangu alfajiri hawakuwa wamekutana na mtu, mbuzi wala moshi.

Ndolo alikuwa fundi wa mawe kutoka Mukuyuni, upande wa Makueni. Alikuwa ametumwa na mkewe Kalunde kumchukua mama mkwe wake, Mumbua, ambaye ng'ombe wake wa mwisho alianguka mwezi wa nane. Kalunde hakuzungusha maneno. Mama akibaki Mutha mwezi mmoja zaidi atakufa, alisema, kwa hiyo nenda umlete.

Kumleta ndiko kulikokuwa na kazi. Kwa Wakamba, mtu na mama mkwe wake huoneana nthoni: hawatazamani usoni, hawagusani, hawanywi kwa chombo kimoja, na wakikutana njiani mmoja wao huingia kichakani hadi mwenzake apite. Watu wengi wa kanisa walikuwa wameanza kulegeza mambo hayo. Mumbua alikuwa mtu wa kanisa sawasawa, lakini kulegeza hakukuwa tabia yake. Ndiyo maana yeye alipanda mbele na Dirie, na mkwe wake akapanda nyuma na harufu ya ngozi.

"Maji iko kiasi gani?" Ndolo aliuliza.

"Jerikeni moja, na haijajaa," Dirie akasema. "Hii gari haiendi mahali. Mimi nitarudi Mutha na mguu. Nikifika, nitakuja na punda na maji."

"Siku ngapi?"

"Kwenda mbili, kurudi mbili. Nyinyi mkae hapa. Lori inaonekana na mbali."

"Twende wote."

"Mama hawezi hiyo mwendo, unaona mwenyewe. Kaa na yeye."

Ndolo alitaka kumwambia kwamba kukaa na yeye ndiyo kazi ngumu kuliko kutembea, lakini Dirie alikuwa tayari anajaza chupa yake. Akaondoka bila kugeuka nyuma, na pori likamfunika mara moja.

Wale wawili waliobaki wakagawana lori kama watu waliogombana. Mumbua alikaa upande wa kivuli, Ndolo upande wa jua, na jua lilipohama nao wakahama, kila mmoja akijikohoza kumwonya mwenzake. Ndolo alipima maji kwa kikombe cha bati, akakiweka kwenye kidato cha mlango, akaenda zake. Akirudi, alikuta kikombe kimefunikwa jani, kitupu. Mazungumzo yote yalipitia kwenye gurudumu.

"Kama mama anasikia," Ndolo aliliambia gurudumu siku ya pili jioni, "maji imebaki chupa moja."

"Baba Mutie aambiwe mama amesikia," gurudumu likajibu. Mutie alikuwa mtoto wa kwanza wa Kalunde, na kwa miaka kumi na miwili Mumbua hakuwahi kumwita mkwe wake kwa jina lingine.

Asubuhi ya tatu chupa ilikuwa tupu. Tai sita walikuwa wametua juu ya ngozi, na walipofukuzwa walisogea kidogo tu, wakaendelea kutazama. Ndolo aliogopa. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na upande wa pili wa lori alisikia pumzi ya mama wa mke wake ikikwaruza.

"Baba Mutie aambiwe," sauti ikasema polepole, "tukikaa hapa tutapakiwa na hizi ngozi. Jana nimeona njia ya ndovu. Inateremka. Ndovu hateremki bure."

"Dirie alisema tungoje."

"Dirie amebeba maji yake."

Ndolo akaandika kwa mkaa mlangoni jina la mto ulioko bondeni: TUMEENDA TIVA. Kisha wakaondoka, Mumbua mbele na fimbo yake, Ndolo hatua thelathini nyuma akibeba panga, chupa na kikombe, macho yakiwa chini kama desturi inavyotaka.

Njia ya ndovu ilikuwa pana na imekanyagwa ikawa ngumu, ikipita katikati ya miiba kama iliyochorwa na injinia. Pande zote mbili ilisimama mibuyu bila jani hata moja. Kila mmoja ulikuwa umechimbwa ubavuni, gome limechanwa vipande virefu, na ndani mti ulikuwa mweupe na laini. Ndio ulaji wa ndovu wakati wa ukame: mbuyu hunywa mvua na kuificha mwilini, na ndovu huja kuidai kwa pembe. Ajabu ni kwamba mti unachanwa hivyo na haufi. Mibuyu mingine ilikuwa na makovu ya njaa za zamani, gome jipya limefunika mahali palipoliwa kabla Ndolo hajazaliwa.

Mumbua alisimama kwenye mmoja, akang'oa nyuzi za ndani, akatafuna. Alipoendelea aliacha fungu juu ya jiwe. Ndolo alipofika akalitia mdomoni. Lilikuwa na unyevu kidogo, chungu, lenye ladha ya udongo, na koo lake likafunguka kiasi cha kumeza mate.

Adhuhuri walipita kwenye mifupa. Walikuwa ndovu wanne, wamelala pamoja, na nyuso zao zilikuwa zimekatwa kwa shoka ili pembe zitoke. Wawindaji walikuwa wamefanya kazi yao kitambo, ngozi imekauka juu ya mbavu. Lakini mavi yaliyokuwa njiani hatua chache mbele yalikuwa mabichi. Ndolo akaanza kutembea akisikiliza.

Tiva haikuwa na tone. Ulikuwa mto wa mchanga mweupe mtupu, na joto lilipanda kutoka chini hadi machoni. Katikati ya mchanga, mahali ambapo nyayo kubwa kama sinia zilikutana kutoka pande zote, kulikuwa na shimo. Halikuwa pana kuliko ndoo, na lilikwenda chini kwa kulala, urefu wa mkonga. Ndolo akalala kifudifudi, akatumbukiza mkono hadi begani, na vidole vyake vikagusa ubaridi. Akalia bila machozi, maana mwilini hakukuwa na maji ya kulilia.

Akachota kikombe, akakiacha mchangani, akaenda mbali. Mumbua akanywa. Ndolo alimchotea mara nne kabla yeye mwenyewe hajanywa, kwa chupa. Maji yalijaa taratibu sana, kikombe kimoja kwa muda wa mtu kuvuta sigara mbili, lakini yalikuwa matamu na safi.

"Baba Mutie aambiwe," Mumbua alisema akiutazama mto, "ajaze chupa, tuondoke. Tukifuata mchanga kupanda juu tutatokea Ikutha."

Lakini alipojaribu kuinuka miguu ilikataa. Akajikokota hadi ukingoni, akalala nyuma ya kichaka cha mswaki. Ndolo akaona hapo ndipo watakapolala.

Sasa ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa kwingine asingelifanya. Ukambani, anayechimba kisima mchangani hukizungushia ua wa miiba, akalala ndani karibu na maji yake, la sivyo mifugo ya jirani itakimaliza kabla hajaamka. Asiyefunga kisima huitwa mzembe. Ndolo alikuwa amefunga visima tangu utotoni, na mikono yake haikumuuliza. Akavua shati, akapanua shimo, akakata matawi ya mgunga na kuyapanga hadi kimo cha kifua. Aliingia, akavuta tawi la mwisho nyuma yake, akaona amefanya kazi nzuri.

Mumbua alisikia panga, akadhani anakata kuni. Angetazama angemkataza palepale. Lakini mkwe wake alikuwa kifua wazi, na mama mkwe hatazami kifua cha mkwe. Akageukia upande mwingine, akafunika kichwa kwa leso.

Kilichomwamsha Ndolo kulipopambazuka hakikuwa kelele. Ulikuwa mngurumo mzito, wa chini sana, aliousikia mbavuni kabla ya masikioni. Akafungua macho. Mbele ya ua walisimama ndovu saba, kimya, mchanga umemeza hatua zao. Aliyekuwa mbele alikuwa jike mzee mwenye pembe moja, na sikio lake lilikuwa na matundu mawili ya risasi. Kati ya miguu ya jike mwingine kulikuwa na ndama aliyeegemea paja la mama yake, kichwa kimeinama, akitetemeka.

Mzee yule akanyoosha mkonga juu ya miiba. Akanusa maji. Kisha akamnusa Ndolo, na masikio yakafunguka.

Ndolo alishika panga, akaona jinsi lilivyo dogo. Mlango wa ua ulikuwa upande wao. Nyuma yake miiba ilikuwa imeshikana vizuri sana, kwa kuwa aliipanga mwenyewe, na yeye hakuwa fundi wa kubahatisha. Ndovu akatia mguu kwenye ua, tawi likavunjika. Akang'oa lingine, akalirusha juu ya kichwa chake. Ndolo alijua atakufa, na aliona aibu kufa katika kitu alichokijenga.

"Baba Mutie. Tambaa nyuma."

Hakusogea.

"Ndolo."

Jina hilo halikuwahi kutoka katika kinywa hicho. Akageuka. Upande wa nyuma, chini kabisa ya ua, uso wa mama mkwe wake ulikuwa umemwelekea, macho kwa macho, na mikono yake mitupu ilikuwa inavuta matawi ya mgunga kutoka ndani. Damu ilikuwa inashuka hadi viwikoni. Akapitisha mkono katika tundu alilolifungua, akamshika Ndolo kifundo cha mkono, akavuta kwa nguvu ambazo hakuwa nazo.

Ndolo akatoka, mgongo umechanika. Wakatambaa hatua ishirini, na ardhi ikatikisika nyuma yao. Ndovu mzee alikuwa amepita katikati ya ua mzima na kuja juu yao, mkonga umekunjwa. Alisimama karibu kiasi kwamba mchanga uliotoka miguuni mwake uliwapiga usoni. Mumbua alikuwa bado ameshika ule mkono.

"Usiinuke," akasema. "Usimtazame."

Mnyama akasimama juu yao muda mrefu, akipumua. Halafu kukatoka sauti nyembamba ya ndama, na yule mzee akageuka, akarudi kisimani.

Wakalala pale pale, wakatazama. Ndovu mzee akalisafisha shimo kwa mguu, akachimba kwenda chini zaidi, akasubiri. Maji yalipojaa alichota kwa mkonga, na kabla ya kunywa tone akampulizia ndama mdomoni. Kisha mama wa ndama akanywa. Kisha mwingine. Kila mmoja alisogea, akachota kilichojaa, akapisha, na wengine wakangoja bila kusukumana, viumbe wakubwa kuliko wote wanaotembea nchi kavu, wakipanga foleni kwenye tundu la ndoo. Jua lilikuwa juu walipomaliza. Wakaondoka, shimo limeachwa wazi.

"Huyo mzee amekuja hapa hata ile njaa ya sitini na moja," Mumbua alisema. "Si yeye, ni mama yake. Wao hawasahau mahali. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau kwamba kisima ni chao."

"Nimewafungia maji," Ndolo akasema.

"Umefungia."

"Yule mtoto angekufa."

"Hata wewe ni mtoto wa mtu," akajibu. "Jaza chupa."

Maji sasa yalikuwa mengi kuliko jana.

Walifuata mchanga siku ile nzima. Usiku mikono ya Mumbua ilivimba, kwa kuwa miiba ilikuwa imevunjikia ndani, na asubuhi alikuwa na homa, akiongea na watu waliokufa. Alipoanguka mara ya tatu, Ndolo hakutafuta wa kumpitishia maneno. Alipiga magoti mbele yake.

"Mama, panda."

"Siwezi. Nitakutia laana."

"Basi tutakaa nayo wote. Panda."

Alikuwa mwepesi kuliko mfuko wa simiti. Ndolo alimbeba mgongoni palipochanika, na jasho la mama mkwe wake likachanganyika na damu yake. Alijiambia kila alipofika kwenye kona ya mto kwamba akimshusha atamzika.

Ikutha walifika saa saba mchana, siku ya kugawa chakula cha msaada. Mstari wa watu ulikuwa umeizunguka ofisi ya chifu, kila mtu na gunia lake la kutilia mahindi ya manjano. Mumbua alizisikia sauti, akafungua macho.

"Niweke chini. Kuna watu wananijua hapa."

"Miguu yako haifiki zahanati, mama."

Akajifunika kichwa kwa leso. Mstari ukageuka kutazama. Mwanamume mmoja aligeuza uso, mwingine akauliza kwa sauti huyo ni mkwe wa nani. Ndolo akaendelea kupita. Alikuwa anaitafuta zahanati, hakuwa na habari nao.

Mwanamke aitwaye Muthoki ndiye aliyetoka kwenye mstari. Alileta maji katika bakuli la plastiki, akawaambia habari zimekuja kwa redio ya chifu kwamba Msomali mmoja alifika Mutha juzi akiwa hai, na kwamba wanaume wenye punda wamekwenda kulitafuta lori. Akamwinulia Mumbua bakuli begani kwa Ndolo.

Mumbua akanywa nusu. Akaivuta leso, akautoa uso wake wote nje. Kisha, kwa mikono ile iliyovimba, akalipitisha bakuli juu ya bega la mkwe wake na kulishika mbele ya mdomo wake, watu wote wakitazama, hadi Ndolo akalimaliza.