Mchumba Aliyeondoka na Ramani ya Kwetu

Nina umri wa miaka hamsini na tisa, ni mwalimu mstaafu, naishi Mwisenge hapa Musoma. Sijaolewa mpaka leo. Wasomaji wenzangu, haya ndiyo yaliyonipata...

Tulimaliza shahada ya jiografia wakati Serikali imesimamisha ajira na mashirika ya umma yanauzwa. Idarani kwetu kulikuwa na chumba cha ramani zilizochorwa na waliotutangulia. Wengi wao walikuwa wakubwa wizarani. Nasi tuliamini tutapita njia hiyo hiyo. Kumbe! Mwenzetu mmoja aliishia kuuza mitumba Bunda. Mimi nilipata ualimu, nikamshukuru Mungu.

Mchumba wangu Magesa, niliyesoma naye, hakupata chochote. Nilimlisha na kumvisha bila kinyongo. Nilimpenda! Baba yangu alikuwa ameshapokea posa yake.

Kwetu ni kijiji kilicho jirani na Buhemba. Nilipokuwa mwaka wa mwisho chuoni nilichora ramani yake. Baba ndiye aliyenitembeza, akinionyesha visima, makaburi ya ukoo, na mahali wazee walipokuwa wakiokota dhahabu baada ya mvua. Ramani hiyo niliihifadhi sandukuni.

Siku moja Magesa akaniambia amepata kazi kwa wageni wanaotafuta madini. Nililia kwa furaha. Sikujua kwamba ameingia kwao na ramani yangu...

Haukupita muda, wapimaji walifika kijijini, wakaenda moja kwa moja kwenye mashamba yetu ya mihogo bila kuuliza njia, wakasimika mawe ya mipaka. Kaya kadhaa ziliambiwa zihame, yetu ikiwemo. Na pembeni ya ramani waliyoishika, majirani walisoma jina langu! Nani angeamini kuwa sikuwauza?

Nilimfuata Magesa. Hakukana. Aliniambia, "Ningekuomba ungekataa. Na mimi nimechoka kulishwa na mwanamke."

Niligeuka nikaondoka, na uchumba wetu ukaishia hapo.

Baba alihamia Butiama kwa shangazi. Nilipofika, aliniuliza taratibu, "Mama, ni wewe uliwaonyesha?"

Nikamweleza yote. Akasema, "Nakuamini. Ila watu niliokuwaga nakula nao, hata salamu hawanipi."

Kuanzia hapo chakula kilimshinda. Hospitali hawakuona ugonjwa. Alifariki kabla ya mavuno, tukamzika Butiama, kwenye ardhi ya watu, mbali na kaburi la mama. Kutoka kijijini kwetu hakuja hata mmoja... hata mmoja!

Ninyi vijana mnaosoma jiografia leo, kukosa kazi si aibu. Fundisheni, limeni, uzeni mitumba. Ila yale mzazi aliyokuonyesha kwa kukuamini, usiyaache mahali ambapo mwingine atayachukua, hata awe mchumba wako. Mimi nilielewa hilo nikiwa tayari nimesimama kaburini kwa baba. Nawasihi, ninyi msifike huko.