Geuza Jani Utazame

Mpiga picha alikuwa na studio ndogo kando ya barabara. Kutwa alipiga picha za vitambulisho: keti wima, funga mdomo, usicheke. Raha yake ilikuwa nje ya mlango. Pale yalijiotea maua mekundu yenye katikati ya njano, na vipepeo walikuwa hawabanduki.

Mumewe alikuwa mfyekaji wa kando za barabara. Jioni moja alirudi na habari mbaya.

"Mama watoto, keshokutwa tunafyeka hadi mlangoni kwako."

"Na vipepeo wangu je?"

"Si wana mabawa? Watahama. Msimamizi anasema magugu ni magugu. Labda umwoneshe yana kazi gani."

"Nitamwonesha! Kwani mimi nauza chumvi? Si napiga picha?"

Asubuhi alipiga picha arobaini. Zote za ua, uso kwa uso, kana kwamba linaomba pasipoti. Akazipeleka kwa jirani yao, Bibi Miche, mfanyakazi wa kitalu cha miti. Bibi alizitazama, akacheka hadi akashika mbavu.

"Mwanangu, sura nzuri kweli. Majani yako wapi?"

"Nani anatazama majani, Bibi?"

"Kipepeo! Ua linampa kinywaji tu, na kinywaji anapata hata kwingine. Lakini mayai anataga kwenye jani ambalo watoto wake wanaweza kulila. Wengine wanakula mmea wa aina moja tu. Haya, twende."

Walisimama penye maua ya mlangoni, mbali na magari. Bibi Miche akaeleza bila haraka.

"Anza na mmea mzima. Halafu ua. Halafu jani, juu na chini. Weka kalamu pembeni tujue ukubwa. Usiung'oe."

Majani yalitoka mawili mawili, yakitazamana. Moja lilikuwa limekatika, likitoa utomvu mweupe.

"Huo usiuguse," Bibi alionya. "Ukiingia machoni utajuta. Ukigusa kwa bahati mbaya, nawa mikono."

Mpiga picha alipiga magoti, akageuza jani kwa kalamu. Kiwavi mwenye milia myeusi, myeupe na ya njano alikuwa anatafuna bila haya.

"Huyu hapa! Bibi, na kule wawili!" Alifurahi mno.

Jioni mumewe alizitazama picha zote, moja baada ya nyingine.

"Hawa hawana mabawa," alisema taratibu. "Hawa ningewafyeka."

Kesho yake, kabla ya kufyeka, mume mwenyewe alimwonesha msimamizi zile picha. Wakakubaliana: wafyeke karibu na lami, madereva waone mbele, maua ya nyuma yabaki.

Mwezi ule vipepeo waliongezeka, hata wateja wakawa wanachelewa kuingia ndani. Kisha siku moja simu ya studio ikalia.

"Mke wangu, njoo huku darajani. Nimeona mmea mwingine una viwavi. Nimepiga jani juu, nimepiga jani chini, lakini kila picha imejaa kidole changu. Njoo upesi! Kikosi kizima kimesimama, na aliyekisimamisha ni mimi."