Bega la Nkwabi

Kwa Nkwabi, likizo haikuwa ya kulala. Kule bondeni Momba, jua lilipochomoza, yeye na dada yake Nyanzobe walikuwa wamekwisha kunywa uji na kufungua zizi. Ng'ombe kiongozi alipolinyemelea shamba la mtama la watu, Nkwabi aliokota jiwe akalirusha, likatua mbele ya pua yake. Ng'ombe aligeuka na kundi zima likamfuata. Jiwe halikumgusa, kwa sababu mchungaji aliyempiga ng'ombe kwa jiwe alikuwa na kesi ya kujibu kwa baba yao, Mzee Makene.

Mzee Makene alikuwa na sheria nyingine. Mtoto aliyelalamika kwamba anaumwa mguu au mgongo alirudishwa kuchunga ndama pamoja na wadogo zake. Hakuchapwa, lakini kijana mkubwa kuonekana nyuma ya ndama ilikuwa aibu isiyosahaulika upesi. Kwa hiyo watoto wa kaya ile walichomwa na miiba wakanyamaza.

Mwaka 2012 Nkwabi alikuwa kidato cha pili katika shule moja ya Chapwa, mjini Tunduma, akilala bwenini. Mwalimu wa michezo, Restuta, alikuwa amejifunza besiboli chuoni, akaja shuleni na glavu chache, mipira na gongo moja. Wanafunzi walicheka. Mchezo gani huo wa kumrushia mwenzako mpira, naye anausubiri na mti mkononi? Wengi walirudi kwenye kandanda.

Nkwabi alipopewa mpira, aliupitisha mbele kidogo ya kifua cha mpigaji, ukaingia kwa kishindo ndani ya glavu ya Yusuf, mdakaji.

"Rudia," alisema mwalimu.

Akarudia. Ukapita palepale.

"Wewe umefundishwa wapi?"

"Kwa ng'ombe, mwalimu."

Wenzake walivunjika mbavu. Mwalimu Restuta hakucheka. Tangu siku hiyo Nkwabi akawa mrushaji wa timu.

Baada ya miezi kadhaa zilifika habari kwamba Kocha Athuman angekuja kutoka Dar es Salaam kuchagua vijana wa kambi. Waliofanya vizuri kambini waliweza kuajiriwa na klabu za nje, wakacheza kwa mshahara. Nkwabi alizipokea habari hizo kwa pupa. Kila jioni, wenzake walipoondoka, alibaki akirusha mpira ukutani hadi giza. Bega likaanza kuuma, naye akauma meno.

"Kuna anayeumwa?" Mwalimu Restuta aliuliza kila mara kabla ya mazoezi.

Nkwabi alitazama chini. Alichokiona akilini ni ndama.

Wa kwanza kugundua alikuwa Yusuf.

"Oya, mbona siku hizi ndoo unabebea mkono wa kushoto?"

"Nimeamua tu."

"Acha zako. Mpira wako unafika umechoka. Mwambie ticha."

"Ukisema, urafiki wetu umekwisha."

Yusuf alinyamaza, ingawa hakupenda.

Siku ya mchujo Mzee Makene alifika kwa basi kumtazama mwanawe.

"Mwangaluka, baba," Nkwabi alimsalimia Kisukuma.

"Mwangaluka, mwanangu."

Waliingia kwa mama lishe wakaagiza ugali na maharage. Mzee alikula kidogo, akawa anamtazama.

"Mkono hauji mdomoni. Mdomo ndio unaufuata mkono," alisema. "Bega limeanza lini?"

"Ni zima, baba."

"Nimefuga maisha yangu yote, Nkwabi. Maksai wa kulimia akianza kuegemea upande mmoja namjua kabla hajachechemea. Huyo namfunga jembe?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Ataumia zaidi, na msimu ujao hatutakuwa na wa kulimia."

"Sasa mbona wewe unataka kujifunga?"

Machozi yalimlenga Nkwabi. "Nikisema, nitarudishwa kwa ndama."

Mzee Makene alinawa mikono, akasema, "Mimi sitamwambia mwalimu wako. Utaamua mwenyewe."

Uwanjani jina la Nkwabi liliitwa. Alichukua mpira, akaugeuzageuza, kisha badala ya kwenda kurusha akamfuata Mwalimu Restuta.

"Mwalimu, bega linauma. Linauma tangu mwezi uliopita. Ulipokuwa ukiuliza, nilikuficha."

Kocha Athuman alisikia. "Basi leo siwezi kukupima, kijana. Nenda hospitali."

Siku hiyo alichaguliwa Yusuf. Nkwabi alimpa mkono wa kushoto, akampongeza, kisha akaenda nyuma ya madarasa akalia sana. Kule kuachwa kulimuuma kuliko bega lenyewe.

Daktari alisema msuli ulikuwa umevimba, na kwamba kama angeendelea kurusha ungeweza kuchanika. Nkwabi alipumzika, akafanya mazoezi aliyoelekezwa, akaanza tena kurusha polepole kama anayejifunza upya. Mwaka uliofuata Kocha Athuman alirudi.

"Bega?" aliuliza.

"Zima, kocha."

"Lisingekuwa zima ungeniambia?"

"Nilishasema mara moja, ukasikia."

Kocha alitabasamu, akampa mpira. Jioni ile Nkwabi alichaguliwa.

Kambini alikaa hadi mwaka 2015, Yusuf akimdakia mipira. Ndipo klabu moja ya Japani ilipomwajiri kuwa mrushaji wa kulipwa. Kabla ya safari alikwenda Momba kuaga. Jioni, ng'ombe walipokwisha kuingia zizini, Mzee Makene aliwaita watoto wote.

"Kaka yenu anakwenda mbali," alisema, "na angekuwa na bega bovu kwa sababu ya sheria yangu. Nilidhani nawafundisha ushupavu, kumbe nilikuwa nawafundisha kuficha. Anayeumwa aseme mapema, atibiwe, arudi kwenye kazi yake. Kuanzia leo hakuna atakayepelekwa kwa ndama kwa kusema anaumwa."

Watoto walitazamana. Hakuna aliyejua kama mzee alikuwa akiwajaribu. Mwishowe Nyanzobe, binti mkubwa sasa, alisogea mbele akikanyagia kisigino.

"Baba, nina mwiba."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

Mzee Makene aliketi chini, akauweka mguu wa bintiye juu ya goti lake, akaomba aletewe sindano.