Kengele ya Shimo la Chachu

Ilikuwa mwaka wa sabini na nane. Jua likizama, mimi na msaidizi wangu Nalianya tulitumwa kubadilisha waya katika shimo la kiwanda cha chachu, Industrial Area. Kazi ndogo tu.

Shimoni kuna kipimo. Hewa ikichafuka, kipimo hupeleka habari kwa waya na kengele hulia huku juu. Mimi, fundi Bedan, ndiye niliyechagua ule waya wa kwanza. Andati, mwenzangu, alinisihi tuchukue wenye ganda la chuma. Nikamcheka. Nikamwambia huo ni mgumu kama roho ya mama mkwe wake, utatutoa jasho bure. Nikachukua waya mwembamba wa nyumba. Panya wakautafuna. Wiki moja kabla ya jioni hiyo Andati alishuka, kengele ikanyamaza, akatolewa maiti. Nami nikasimama kanisani nikasema ni mapenzi ya Mungu.

Bwana anisamehe.

Safari hii tulibeba wa chuma. Nalianya akavua viatu ashuke.

Kengele ikalia.

Harufu ikapanda... tamu, nzito, kama pombe ya busaa iliyolala. Nalianya aliinua ncha ya waya wa zamani. Ulikuwa mkononi mwake, umekatika, haujashika kitu.

"Fundi," akanong'ona, "hii inalia kwa waya gani?"

Nilitaka kusema ni kengele mbovu tu. Maana nikisema hewa ni mbaya, ataniuliza mbona haikumlilia Andati. Nikamwacha hadi alipotia mguu kwenye ngazi.

"Usishuke."

Tukateremsha taa ya mafuta kwa kamba. Kabla haijafika chini, mwali ukalala, ukazima. Nalianya akakaa chini. Akanishukuru, akaniombea baraka. Nikazipokea.

Kisha kamba ikavutwa kutoka chini.

Mara moja... mbili... tatu.

Kwetu sisi wa mashimo, huyo ni mtu anayesema: nipandishe. Aliye juu haiachi kamba kamwe. Lakini siku ya Andati mimi niliitegemea kengele. Kamba niliifunga kwenye nguzo, nikaenda kunywa chai.

Kamba ikawa nzito. Uzito wa mtu mzima.

"Mvute," Nalianya akasema, machozi yakimtoka. "Fundi, mvute. Ni mtu wetu."

Nikavuta kidogo. Huko chini mtu akakohoa. Kikohozi hicho nakijua.

Nikaiachilia kamba, ikaporomoka yote shimoni.

Tukangoja kusikia taa ikianguka.

Hatukusikia kitu.