Okidi ya Bibi na Ndoo ya Fundi

Fundi cherehani alikuwa na sheria moja: nguo ya mtoto ishonwe kubwa.

"Atakulia humo humo," alisema kila mara.

Ndiyo maana binti yake, Kitone, alikwenda shule akiwa amepotea ndani ya sare. Akinyoosha mkono darasani, mwalimu aliona mkono wa shati tu, umelegea kama bendera isiyo na upepo.

Dirishani kwao palikuwa na ua la okidi. Lilikuwa la mama yake Fundi. Marehemu mumewe ndiye aliyempa. Alipokwenda kumwuguza dada yake, bibi huyo alimkabidhi mkwewe ua hilo.

"Mwanangu simwachii hata kuku," alisema. "Nakuachia wewe, Mama Kitone."

Mama Kitone aliilinda okidi kama mboni ya jicho. Ilikuwa na maua meupe mazuri. Lakini asubuhi moja alinusa harufu ya uozo. Alichungulia ndani ya chungu, akashtuka.

"Baba Kitone, ua la mama linaoza!"

Fundi alikuja na futi shingoni na mkasi mkononi. Aliitazama mizizi iliyoning'inia nje ya chungu.

"Ah! Nguo imembana huyu. Na ona nyuzi zilivyozagaa!"

Kacha! Akakata mzizi mmoja.

"Mume wangu!"

"Nasafisha pindo tu. Sasa niletee ile ndoo kubwa, udongo na samadi. Atakulia humo."

Mama Kitone aliikumbatia okidi. Alitoka nayo mbio hadi kwa jirani, mkunga mstaafu aliyefuga okidi barazani kwake. Fundi alimfuata na ndoo.

Mkunga alivaa miwani. "Mgonjwa wetu ana nini?"

"Nguo imembana," Fundi alidakia.

"Nani amemkata hapa?"

Fundi akaitazama ndoo yake.

"Hizi si nyuzi, mwanangu," Mkunga alisema. "Ni mizizi. Kwao okidi huishi juu ya miti, si udongoni. Mizizi yake hunywa maji na kupata hewa. Ikining'inia nje, iache. Hiyo peke yake si sababu ya kumhamisha."

"Basi harufu ni ya nini?" Mama Kitone aliuliza.

Mkunga alichokonoa chunguni. "Haya yalikuwa maganda ya mti yaliyokatwakatwa. Sasa yamekuwa uji. Maji hayapiti, mizizi inakosa hewa. Hapo ndipo okidi huhamishwa."

"Leo?"

"Mwenye maua hasumbuliwi. Mizizi mingi bado mizima, anaweza kungoja. Mpunguzie maji. Maua yakianguka yenyewe, niite."

Maua yakaanza kuanguka, moja moja. Kila lilipoanguka, Mama Kitone aliguna kama aliyechomwa sindano. Kisha simu ikalia. Mama mkwe anarudi wiki ijayo!

"Usijali," Fundi alisema. "Nitamshonea maua ya kitambaa."

"Thubutu!"

Ua la mwisho lilipoanguka, Mkunga aliitwa. Alikuja na maganda mapya ya mti aliyoyaloweka tangu jana yake.

"Fanya mwenyewe," alimwambia Mama Kitone. "Mimi nimezalisha vya kutosha."

Mama Kitone aliitoa okidi chunguni polepole, akakung'uta uchafu. Alipitisha mkasi kwenye moto, akauacha upoe.

"Mzizi ulio mgumu, wa kijani au mweupe, ni mzima. Uache," Mkunga alisema. "Ulio laini, wa kahawia, ukiuminya ni mtupu, ukate."

Fundi akasogeza ndoo. "Na nguo mpya hii hapa."

"Hiyo ndoo kaogee!"

"Lakini atakulia humo."

"Ataozea humo! Chombo kikubwa hukaa na maji muda mrefu. Mpe kinachotosha mizizi yake ya leo, chenye matundu chini."

Mama Kitone alichagua chungu kidogo. Akaiweka okidi, akajaza maganda taratibu kuizunguka mizizi. Hakufukia shina. Akaiweka kivulini bila kuimwagilia kwa siku chache, ili mikato ikauke.

Mama mkwe aliporudi, hakuketi. Alikwenda moja kwa moja dirishani.

"Maua yangu yako wapi? Na chungu changu?"

Fundi alikumbuka ghafla kwamba ana suruali ya mteja. Akatoroka.

Mama Kitone alieleza yote, hata ule mzizi uliokatwa. Bibi akainama karibu kabisa na okidi. Pembeni mwa shina palikuwa na ncha ya mzizi mpya, ya kijani, inang'aa.

"Marehemu aliniambia nilihamishe," alisema taratibu. "Miaka yote niliogopa kuliua. Wewe hukuogopa?"

"Niliogopa sana, mama. Ndiyo maana niliuliza kwanza."

Bibi alimshika mkono. Hapo ndipo akaketi.

Miezi ikapita. Siku moja okidi ikatoa kikonyo kipya chenye vichipukizi vya maua. Mkunga aliitwa kushuhudia. Bibi alipiga vigelegele mpaka Fundi akajichoma sindano.

"Ona," Mkunga alimwambia. "Chungu kinachomtosha leo. Kesho atapewa kingine."

Kitone alikuwa amesimama kando, sare ikimfunika mpaka vidole.

"Baba," alisema, "na mimi nitahamishwa lini?"

Wote wakamgeukia. Fundi alikuna kichwa.

"Bi Mkunga, huyu hana maua. Anafaa leo?"

"Leo hii hii!"

Fundi akachukua futi na mkasi.

Kesho yake mwalimu aliuliza swali. Kitone akanyoosha mkono, na kwa mara ya kwanza mwalimu akaona vidole vitano.