Kutu kwenye Ghorofa ya Nne

"Shuka, Kahindi. Jengo iko sawa," sauti ya Mutuku ilikwaruza kwenye redio ya Motorola. "Nimepima paneli zote jana."

Kahindi hakushuka.

Alikuwa ndani ya jukwaa la waosha vioo, akining'inia ghorofa ya nne ya jengo jipya la mikutano mjini Malindi, upande unaotazama bahari. Saa nne asubuhi, mawaziri wa nchi tano wangetia saini mkataba wa bandari humo. Kulikuwa na watu wa nje wasioutaka. Idara ya ujasusi, mwajiri wa Kahindi na Mutuku, ilikuwa imenasa neno lao moja tu: moto.

Zilibaki dakika tano.

Mutuku alihamishwa kutoka Nairobi miezi mitatu iliyopita, akaja na droni mbili na manukato ya bei. Mkuu alimpokea kwa "mgeni njoo, mwenyeji apone." Kahindi hakupona. Aliugua wivu, wivu wa kumnyima usingizi. Linet wa mawasiliano, ambaye Kahindi alikusudia kumposa, sasa alicheka kila Mutuku alipofungua kinywa. Na jamaa hata hachekeshi!

Ndipo akaiona kutu.

Michirizi minne ya rangi ya chai, chini ya paneli moja ya alumini ya ukuta wa nje. Kahindi alikulia Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, na alijua upepo wa bahari unavyokula chuma. Fundi wa Pwani hufunga paneli kwa skrubu za stenlesi, zisizoshika kutu. Hii ilikuwa imefunguliwa, ikafungwa tena na mtu asiyeijua Pwani.

Nyuma ya paneli huachwa mwanya wa inchi nne. Moto ukiwashwa humo hupanda kama kwenye bomba la moshi.

Na Mutuku aliandika kwamba hakuna kitu.

Akinyamaza je? Jina la Mutuku lingeungua pamoja na jengo. Kahindi alilionja wazo hilo sekunde tatu. Lilikuwa tamu.

Lakini Linet alikuwa ukumbini.

Makita, bisibisi yake ya umeme, ikalia. Skrubu ya nne ikatoka, paneli ikaanguka. Mkebe wa petroli. Nyaya. Saa ikihesabu dakika tatu.

"Linet, toa watu! Sasa hivi!"

Jukwaa likainama ghafla. Bastola yake ya Glock ikachomoka kiunoni, ikaanguka bustanini. Juu paani, Rokas, mshauri wa kigeni wa paneli, alikuwa akikata waya wa jukwaa kwa grainda.

Kahindi alishika reli kwa mkono mmoja. Aliyekuwa karibu na paa ni mtu mmoja tu. Akabonyeza redio.

"Mutuku. Rokas yuko juu. Upesi, ndugu yangu."

Mbio. Kishindo. Grainda ikanyamaza.

Kahindi alijinyoosha, akang'oa betri. Saa ikazimika.

"Kahindi! Kahindi, nijibu!" Linet alikuwa akilia redioni.

Moyo wake uliruka. "Nakusikia, Linet. Nipo."

"Mutuku hajibu redio yake. Hajaumia?"

Kahindi alitazama juu. Mutuku alikuwa ameinama ukingoni, pua ikivuja damu, akiwasha mota ya waya uliosalia. Jukwaa lilipanda likiyumba hadi paani. Rokas alilala kifudifudi, pingu mikononi.

"Nisamehe, ndugu yangu," Mutuku alisema, akimpa mkono. "Paneli hiyo niliipita mara mbili. Nitamwambia mkuu ni wewe uliiona."

Hata uungwana anao! Kahindi alimchukia zaidi.

Akaushika mkono ule, akapanda, akamtilia redio yake kiganjani.

"Linet anakuita," alisema.

Akavaa miwani yake ya jua, akashuka kwa ngazi ghorofa zote sita, bila haraka, mikono mifukoni.